Hanesi ya kupandia mnara wa antena: yenyewe poa, kamba yake hapana

Wakuu, kwa sisi wa redio ya ridhaa (mawasiliano ya redio kama hobi) tunaopanda minara wenyewe, hii hanesi ya mwili mzima, yaani mikanda ya usalama ya kuvaa, niliyochukua Kariakoo iko vizuri, ina lebo ya EN 361 (kiwango cha Ulaya cha hanesi za mwili mzima), ringi ya mgongoni na ya kifuani, mikanda ya mapajani ni mipana haibani hata ukikaa juu muda mrefu unafunga antena ya Yagi. Shida ni kamba yake ya kujishikiza kwenye mnara, ina ndoano moja tu!! Ukitaka kuihamisha unabaki umejishikilia kwa mikono, hapo hanesi inakuwa pambo. Nunua ya ndoano mbili yenye kile kifuko cha kupunguza mshtuko, moja ibaki imeshika muda wote. Afu muuzaji akikwambia mkanda wa kiunoni unatosha achana naye, ukidondoka nao unaweza kukuvunja mgongo.