Miezi mitatu kwenye ofisi ya pamoja Mikocheni: macho yamefurahi, masikio yamekoma

Jina lake silitaji, maana wenyewe ni watu wema na dada wa mapokezi amenivumilia sana. Ni ofisi ya pamoja hapa Dar es Salaam, yaani watu wa kazi tofauti tunakodi nafasi kwenye ukumbi mmoja, ghorofa ya pili. Mimi ni mfasiri na mhariri, nalipia shilingi 250,000 kwa mwezi.

Siku ya kwanza nilivutiwa. Ukuta mzima ni kioo, kwenye kona kuna bembea, taa za rangi zimeandika "Ota ndoto kubwa". Nikapiga picha, nikairusha kwenye grupu la familia. Ilipofika saa tisa alasiri, jua likatugeukia. Kioo kinatazama magharibi na pazia hakuna, eti litaharibu mandhari. Skrini nikawa naikinga kwa daftari, na kwenye ile meza ndefu sote tukawa tunasogeasogea kukifuata kivuli kama mbuzi chini ya mwembe.

Ila kilichonishinda hasa ni kelele. Sakafu vigae, kuta vioo, dari zege tupu. Hakuna cha kumeza sauti. Kuna kijana muuza bima anayeshinda kwenye simu, wateja wake wote sasa nawajua kwa majina. Kibanda cha simu kipo, ila hakina hewa, ukitoka humo shati limelowa. Basi nikavaa hedifoni, jirani yangu naye akavaa. Haukupita muda tukawa tunaombana chaja kwa WhatsApp, na kati yetu kuna kiti kimoja tu.

Nilidhani ni ushamba wetu. Kumbe watafiti Bernstein na Turban walishalipima jambo hili kwenye makao makuu ya kampuni mbili kubwa, wakachapisha matokeo mwaka 2018: wafanyakazi walipohamishiwa ofisi ya wazi, maongezi ya ana kwa ana yalishuka kwa takriban asilimia 70, barua pepe zikaongezeka. Na kuta zenyewe ziliondolewa ili watu waongee!

Intaneti sina neno nayo. Umeme ukikatika jenereta haichelewi. Soketi ni nne kwa meza ya watu kumi, njoo na ekstensheni yako.

Kilichonibakiza ni kibaraza cha nyuma, karibu na matangi ya maji. Kwenye tangazo lao hakimo. Pana benchi la mbao, kivuli tangu mchana, na mama mmoja anayepita na chupa ya chai ya tangawizi. Mtu anakaa bila kualikwa, anaondoka bila kuaga, kama barazani kwa bibi yangu Tanga. Kazi mbili nilizopata tangu nihamie hapa zote zimeanzia kwenye benchi lile. Kwenye bembea sijapata hata moja.

Niliwaandikia wanunue mapazia na mazulia. Wiki iliyofuata wakaleta meza ya tenisi.

Kuanzia mwezi huu nalipia siku mbili tu kwa wiki, Jumanne na Alhamisi. Muuza bima siku hizo haji, na saa nane mimi nimeshaondoka.