TAHADHARI: Kagueni tarehe ya stakabadhi kabla ya kununua franchaizi ya usafi

Ndugu zangu mnaoishi Minnesota, hasa mliochoka na zamu za usiku na mnaotamani biashara yenu wenyewe, jihadharini na muuzaji mmoja wa franchaizi ya usafi wa ofisi, yaani haki ya kulipia ili uendeshe biashara kwa jina na utaratibu wa kampuni nyingine, anayepitia makanisani kwetu akijiita mwenzetu. Simtaji jina kwa kuwa malalamiko yangu bado yanashughulikiwa.

Kanuni ya FTC, tume ya serikali kuu ya Marekani inayosimamia biashara, inamtaka muuzaji akukabidhi waraka wa maelezo wenye vipengele 23 angalau siku 14 kabla hujatia saini mkataba au kulipa chochote. Mimi nilipewa waraka huo, mnene kama Biblia, saa nne asubuhi katika ukumbi wa hoteli, na kufikia saa nane mchana nilikuwa nimeshalipa dola 9,500. Ukurasa wa mwisho ni stakabadhi ya kukiri kwamba umeupokea, na yangu ilikuwa imekwisha kuchapwa tarehe ya wiki tatu nyuma. Nilipouliza, nikajibiwa kwamba huo ni utaratibu wa ofisi tu, nami nikatia saini, nikawa nimejishuhudia mwenyewe kuwa sheria ilifuatwa.

Mapato ya dola 4,000 kwa mwezi aliniandikia kwa kalamu nyuma ya bahasha, ilhali kipengele cha 19, mahali pekee panapostahili ahadi ya namna hiyo, kilisema kampuni haitoi makadirio yoyote. Kipengele cha 20 kina majina na simu za walioacha biashara hiyo katika mwaka uliotangulia. Niliwapigia nikiwa nimekwisha kuliwa, na wawili wakanisimulia habari ya stakabadhi ileile.

Msidhani FTC huukagua waraka huo, kwani haupelekwi kwake. Hapa Minnesota, hata hivyo, franchaizi kwa kawaida husajiliwa kwanza katika Idara ya Biashara ya jimbo, na nyaraka zake husomwa bure mtandaoni.

Aliyekwisha kutia saini kama mimi asifute ujumbe wowote wa simu. Mwaliko wangu wa kwanza uliingia siku mbili tu kabla ya mkutano, na hadi sasa ndio ushahidi pekee nilio nao dhidi ya saini yangu.