"Upepo upo mwaka mzima dada": uzoefu wangu na safari ya kaiti niliyoipanga miezi na miezi

Nimesubiri hasira zipoe ndio niandike lakini kila nikiisikiliza ile voisi noti zinapanda upya, kwa hiyo acha tu niandike hivi hivi.

Nilienda kujifunza kaiti, ule mchezo wa kusimama kwenye ubao baharini huku unavutwa na tiara kubwa. Ulinishika nikiangalia Olimpiki ya 2024, ndio mara ya kwanza kaiti kuingia Olimpiki, mbio zilifanyika Marseille kule Ufaransa. Na hata pale, watu waliojiandaa miaka yote ile, kuna mbio ziliahirishwa kwa sababu upepo ulikuwa hafifu, wamekaa wanaangalia bendera. Nalisema hili mapema ili asije mtu akaniambia sijui kwamba upepo haupangiwi. Najua vizuri sana. Mimi sigombani na upepo.

Nagombana na mtu wa booking.

Kupanga kwenyewe nilipanga kweli kweli, sikukurupuka. Niliangalia Brazil ile ya kaskazini mashariki, Cumbuco na Jericoacoara, kule upepo unapiga nusu ya pili ya mwaka karibu kila siku, nikaangalia Cabarete kule Jamhuri ya Dominika, nikaangalia Kalpitiya ya Sri Lanka. Mwisho nikaangukia pwani moja ya Bahari ya Hindi ambayo sitaitaja jina kwa sababu ufukwe haujanikosea kitu, ni mzuri, maji ya goti yenye mwamba kwa mbele unaozuia mawimbi, kwa mtu anayejifunza hapo ndio penyewe. Huku kwetu kwenye bahari hii mambo yanajulikana tangu enzi za majahazi, kaskazi inavuma kuanzia kama Disemba hadi Machi, kusi inakamata kama Juni hadi Septemba, na katikati ya hizo mbili kuna tangambili, upepo hauna mwenyewe, leo huku kesho kule kesho kutwa hakuna. Likizo yangu ilikuwa inaangukia mpakani. Nililiona hilo. Na ndio maana niliuliza, na sikuuliza mara moja, niliuliza mara tatu, kwa maandishi, hiyo wiki upepo upo?

Jibu likaja kwa sauti. Kijana mchangamfu, ananiita dada kila baada ya maneno mawili, "upepo upo mwaka mzima dada, wewe njoo, dada hapa hatujawahi kulala njaa ya upepo," na nyuma yake unasikia upepo wenyewe unapiga kwenye simu, vuuu vuuu, mpaka maneno mengine yanamezwa. Hiyo sauti ya nyuma ndio iliyonilipisha. Nilimsikilizisha na mwenzangu tuliyesafiri naye, akasema si unasikia mwenyewe? Tukalipa yote, vyumba, masomo, vifaa, siku saba. Mpaka leo sijui ile voisi ilirekodiwa lini, ila si wiki ile.

Tumefika. Pale mbele ya ofisi yao kuna mlingoti na soksi ya upepo, ile ya kitambaa cha rangi ya chungwa inayoonyesha upepo unavyovuma, na nikaiona nikiwa bado sijashusha begi. Imening'inia imeshikamana na mlingoti kama shati lililoloa. Bahari imelala kama mkeka. Kaiti hazipo hewani, hata moja. Nikasema sawa, asubuhi hii, mchana jua likiwaka nchi kavu ikipata joto upepo wa baharini utaingia, ndivyo inavyokuwa pwani nyingi. Saa nane, kimya. Saa tisa kikaja kitu kidogo cha kupepea nywele. Siku ya pili hivyo hivyo. Siku ya tatu nikaenda mapokezi.

Sasa hapa naomba mnisikilize maana ndio kiini cha haya yote. Sikwenda kwa shari. Nilimsalimia yule dada wa mapokezi, nikamuuliza kwa utaratibu kabisa kama kuna utabiri wowote, na kama hakuna basi tunafanyaje kuhusu masomo tuliyolipia. Alikuwa ameshika simu, kidole kinateleza juu chini, wala hakuinua macho. Akasema, "Upepo ni wa Mungu dada. Sisi tunauza vyumba na masomo."

Nikatoa simu yangu, nikaweka sauti juu, nikaicheza ile voisi noti pale pale kaunta. Upepo upo mwaka mzima dada. Vuuu vuuu. Watu wawili waliokuwa wamekaa wakageuka. Yeye akainua macho sasa, akaniangalia mimi, si simu, akasema, "Huyo ni wa booking, hayupo huku." Basi. Akarudi kwenye simu yake. Hakuna pole, hakuna ngoja nimpigie, hakuna hata ngoja nimwite meneja. Namna alivyolitumia jina la Mungu kufunga mjadala iliniuma kuliko hela, kwa sababu Mungu hakunitumia voisi noti, walionitumia ni wao.

Nakubali labda yule dada naye anapokea lawama kila siku za uongo ambao hakuutunga. Nimelifikiria hilo. Lakini salamu nayo inahitaji upepo?

Halafu ishu ya pili ikaibuka humo humo. Upepo ukiwa mdogo unahitaji kaiti kubwa, hilo ni la msingi, kwa mtu wa kilo sabini na kitu kama mimi mita 12 za mraba ndio zinaanza kukuvuta upepo ukifika kama noti 12 hivi, yaani kilomita 22 kwa saa, chini ya hapo unataka kubwa zaidi na ubao mpana zaidi, na mwenzangu ni mzito kunizidi. Kwenye meseji waliandika "saizi zote zipo". Nikaingia stoo mwenyewe. Kuna mita 7, kuna mita 9, kuna 10 imeshonwa shonwa, na ile 14 yao ya pekee mpira wa ndani, ule unaojazwa hewa, unavuja, ukijaza pampu ikisimama dakika kumi ishalegea. Kwa hiyo hata ule upepo mdogo uliokuja siku ya nne, ambao mtu mwenye kaiti kubwa angecheza nao, sisi tuliuangalia tukiwa mchangani. Hili si la Mungu. Hili ni la kununua mpira mpya.

Na maji. Hakuna aliyetuambia kuhusu maji, ilhali pwani zenye mwamba ndio jambo la kwanza. Tulifika siku za bamvua, mwezi mpevu, maji yakipwa yanakwenda kabisa mpaka karibu na mwamba, unabaki na madimbwi na wale viumbe wa miiba mirefu myeusi, hata ungekuwa na upepo ungeendesha kaiti wapi. Maji yanachelewa kama dakika 50 kila siku, kwa hiyo ni hesabu inayowezekana kabisa kufanya miezi kabla, unachukua kalenda ya mwezi unaona siku zipi maji yatakuwepo mchana. Tungepishana wiki moja tu tungekuta maji mafu, hayapwi sana hayajai sana. Mtu wa booking anakaa na hiyo kalenda.

Sasa kuna mwalimu. Hapa natakiwa kuwa mkweli na inanivuruga kweli, kwa sababu yule mwalimu ni mtu wa aina nyingine kabisa. Siku hizo zote ambazo hakuna upepo hakutuacha tukae. Alitutandazia baa, yaani kile kijiti cha kuongozea kaiti, na kamba zake mchangani, tukafunga na kufungua, tukafunga na kufungua, ananifumba macho na kitambaa anasema haya, kaiti imekushinda, kishikizo chekundu cha kujinasua kiko wapi, na ole wako mkono uende kwingine. Mara ishirini labda. Akatufundisha kujiokoa, jinsi ya kukunja kamba kwenye baa ukiwa majini mpaka uifikie kaiti uilalie ikurudishe ufukweni. Akatuonyesha kwa mchanga na vijiti kwa nini upepo unaotoka bara kwenda baharini ni wa kuukataa hata uwe mzuri vipi, maana ukikatika kitu unapelekwa kilindini. Hakuna siku alitudanganya. Siku ya kwanza tu nilimuuliza wiki hii itakuwaje, akakuna kichwa, akasema, "Dada yangu, hii ni tangambili. Nani aliwaambia mje?"

Aliyasema kwa huruma. Nikakosa la kujibu.

Siku ya tano mawingu meusi yakasimama upande wa kusini na upepo ukaruka ghafla, soksi ikanyooka tii, na sisi kwa njaa tuliyokuwa nayo tukakimbilia kaiti. Akatuzuia. Alisimama mbele ya stoo mikono kaitanua, akasema huo ni upepo wa mvua, unakuja kwa dakika chache na unaweza kukubeba kama karatasi, hakuna anayetoka. Nilimkasirikia, naungama. Dakika kumi baadaye mwavuli mmoja wa ufukweni uling'oka ukapita juu ya uzio. Hasira zikaniisha nikamshika mkono.

Na siku ya sita, alasiri, ukaja. Upepo wa ukweli, wa pembeni, unatiririka sawasawa, masaa mawili labda na kidogo. Nilikuwa na ile 10 ya viraka. Kwanza nikavutwa kwa tumbo nakunywa maji ya chumvi, mara ya pili, ya tatu, ya nne, halafu nikaishusha kaiti kama alivyosema, polepole halafu kwa nguvu, na ubao ukashika. Nikasimama. Mita thelathini, arobaini, sijui, nilisikia tu ule mlio wa maji chini ya ubao, shhhh, kama kitenge kinapasuliwa, na nyuma mwalimu anapiga kelele mgongo, nyoosha mgongo. Nimelia majini. Jioni ile nilikuwa nimeamua nyota nne, nilishaanza hata kuandika, na nilikuwa naandika kwa moyo safi.

Nikarudi nyumbani. Nikaandika kuomba turudishiwe nusu tu ya masomo ambayo hayakufanyika, maana mtu anahitaji kama masaa kumi hivi ya majini ndio aanze kujitegemea, sisi hayakufika hata matatu. Jibu likaja baada ya wiki mbili, mistari miwili, kwamba kwa mujibu wa masharti upepo haurudishiwi hela na kwamba mafunzo ya nchi kavu nayo ni mafunzo. Yaani ule wema wa mwalimu, ule wa kujitolea kutushughulisha wakati yeye mwenyewe angeweza kwenda kulala, ndio wameugeuza kuwa masaa wanayotudai. Nikafuta zile nyota nne zote.

Kwa hiyo unayepanga, usiulize kama upepo upo. Uliza mwezi huo mwaka jana waliingia majini siku ngapi, uliza kaiti kubwa kuliko zote ni mita ngapi na inashika upepo au inavuja, angalia mwezi mwenyewe, na hilo la siku zisizo na upepo liwe limeandikwa kabla hujatuma hata senti, kwa maandishi, si kwa sauti. Na ukipata siku kumi usichukue saba.

Juzi namba ile ile ya booking imenitumia voisi nyingine. Msimu umekolea dada, karibuni tena. Upepo nyuma, vuuu. Sikubishana, nikaandika tu: nitumie video ya soksi, leo, saa tisa. Tiki mbili za bluu. Mpaka sasa kimya.

Jioni yake mwalimu, ambaye sikumwomba chochote, akanitumia sekunde kumi na mbili za video. Soksi imenyooka, maji yamejaa, kaiti kama nane hewani. Akaandika chini, "Sasa ndio wakati wake dada yangu." Nimeiangalia sijui mara ngapi. Ila kaiti zote pale ni za ile ofisi, yeye hana hata moja ya kwake, nikienda kwake nimeenda kwao. Begi nimelishusha kutoka juu ya kabati. Hela sijatuma.