Kamera ya mabomba ya majitaka, maoni yangu baada ya masika moja

Nimechelewa kuwaandikia hawa vijana wanaokagua mabomba ya majitaka kwa kamera, kazi walinifanyia mwezi wa nane mwaka jana lakini nilitaka mvua zinyeshe kwanza ndo niseme kitu. Masika imepita, sasa naongea.

Mimi ndo nasimamia nyumba za familia yetu hapa Dar, mzee alipofariki mama mkubwa na wadogo zangu wakaniachia funguo zote na daftari la kodi. Kuna ghorofa la zamani Upanga lina flati sita, kuna fremu tano Sinza zenye vyumba vya kupanga kwa nyuma, halafu kuna nyumba moja Tabata. Daftari la mzee lina kila kitu, tarehe za kodi, rangi, mabati, mpaka bei ya kitasa cha mwaka 1998, ila mabomba ya chini hakuna hata mstari mmoja, yaani hakuna anayejua yanapita wapi wala yaliwekwa lini. Fundi aliyeyalaza alishafariki, na mzee pia.

Kwa miaka sita nilikuwa naishi na simu za chemba kuziba. Upanga mama wa flati ya chini anapiga saa kumi na moja alfajiri, bafuni kwake maji machafu yanarudi juu, na wa juu wanaendelea kuoga kwa sababu kwao hakuna shida. Naita fundi anakuja na fito, anasukuma anasukuma, maji yanaondoka fwaa, anachukua laki na nusu yake, wiki tano baadae tupo palepale. Kuna mmoja akaniambia tubomoe pevingi yote ya uani tuweke bomba jipya kuanzia mwanzo mpaka mwisho, milioni kumi na kitu, nilipomuuliza shida iko wapi hasa akasema "bosi hizi ni za zamani zote zimekufa". Hela hiyo sikuwa nayo na moyo ulikuwa unakataa kubomoa kwa kukisia.

Hawa vijana nilielekezwa na shemeji yangu anayeangalia jengo la maofisi mjini. Wanachofanya wanaosha kwanza bomba kwa mashine ya maji ya presha, halafu wanaingiza kamera ndogo yenye taa, iko kwenye kichwa cha waya mrefu mgumu wanausukuma kwa mkono, na kwenye skrini unaona ndani ya bomba pamoja na mita ngapi umefika. Kile kichwa cha kamera kinatoa mawimbi, mwingine anatembea juu na kifaa kama cha kutafutia madini, kikilia anapiga alama ya chokaa ardhini na kukuambia na kina chake. Kwahiyo ndani ya siku moja nikawa naona bomba langu limechorwa juu ya pevingi, nilisimama pale nikatamani mzee angeliona.

Upanga mabomba ni ya udongo wa kuchoma, yale ya vipande vifupi vifupi, kila baada ya hatua moja kuna kiungo kimefungwa kwa saruji. Kijana mkubwa wao akanieleza vizuri, udongo wenyewe unaweza kukaa miaka mingi sana, kinachokufa ni vile viungo, saruji haipindi, ardhi ikicheza kidogo inapasuka na mizizi inanusa unyevu. Mita ya 11 tukaikuta, mizizi ya mwarobaini imejaa kama nywele, karatasi na matambara yamening'inia humo. Zile fito zilikuwa zinatoboa tundu katikati ya mizizi tu, maji yanapita, mizizi inabaki na inanenepa. Mbele kidogo bomba limekaa tumbo, yaani limezama katikati maji yanatuama hayaondoki, na hapo ndo uchafu unalala. Kilichonishangaza zaidi, zile mita nyingine zote za udongo zilikuwa nzima kabisa! Nilikuwa nimeambiwa nichimbe yote.

Kipande cha mwisho, kinachokutana na bomba kubwa la mtaani, ndo cha saruji, na hapo walinionyesha kitu sikuwahi kukisikia. Chini panapopita maji pako vizuri, juu kwenye paa la bomba ndo kumelika mpaka kokoto zinaonekana. Ile hewa yenye harufu ya mayai viza inapanda juu, ikikutana na unyevu wa kwenye ukuta wa bomba inageuzwa na vijidudu kuwa asidi, asidi inakula saruji polepole. Wakasema bado halijafikia kuanguka, tuliangalie tena baada ya miaka miwili. Wangeweza kuniambia nibadilishe na ningebadilisha siku hiyohiyo, maana nilishaogopa.

Na kuna hili la mvua. Walimwaga maji ya rangi ya kijani kwenye mfereji wa paa, dakika chache tukayaona yanapita ndani ya chemba ya majitaka. Kumbe miaka hiyo yote maji ya bati zima yalikuwa yanaingia kwenye bomba la inchi 4 la vyoo, ndo maana masika kwa yule mama palikuwa hapakaliki. Kuyatenganisha yaende kwenye mtaro wa barabarani ilitugharimu mabomba manne na siku moja ya fundi.

Sasa Sinza ndo naomba mnisikilize wenye fremu. Fremu ya tatu ni saluni, ya nne mgahawa, ya tano duka la dawa, wote wanatumia bomba moja kwenda kwenye septiki nyuma. Likiziba, na lilikuwa linaziba kila baada ya miezi miwili, wote walikuwa wanamtazama dada wa saluni, nywele zake, na mimi nilikuwa namwambia hivyohivyo, nikamkata hadi hela ya kuzibua kwenye amana yake mara mbili. Kamera ilipoingia nywele zilikuwepo kweli lakini chache, zimenasa kwenye chujio na gali trapu, kile kishimo cha kunasa taka kabla ya bomba, kama zinavyotakiwa. Kilichoziba ni mafuta. Mafuta ya kukaangia yanamwagwa sinki yakiwa ya moto na sabuni, yanapita vizuri hatua chache, yakipoa yanaganda ukutani meupe kama sabuni ya kipande, tundu la inchi 4 lilibaki dogo kama shilingi. Na chini ya mafuta kulikuwa na bonge la saruji, mafundi waliopiga plasta kipindi kile cha ukarabati waliosha ndoo zao mlemle. Ukarabati niliusimamia mimi.

Nilienda kwa yule dada jioni ileile nikamwomba msamaha, nikamrudishia hela yake. Alisema tu "sawa kaka, ila mngeniuliza". Hilo neno bado ninalo.

Mgahawa tumewekea mtego wa mafuta nje ya jiko, boksi la zege lenye vyumba viwili, mafuta yanaelea juu maji yanatoka kwa chini, na kwenye mkataba mpya imeandikwa nani anausafisha na siku gani ya wiki. Ile kona kali ya nyuzi 90 kamera ilishindwa kupita, tukaitoa tukaweka mbili za 45. Na kipande kilichokuwa karibu tambarare tumekilaza upya kwa mteremko, kila mita moja ishuke sentimita mbili na nusu kwa bomba la inchi 4, nikasimama mwenyewe na pima maji. Fundi wa kwanza aliniambia ukizidisha mteremko ndo vizuri zaidi, hawa wakanikataza, maji yanakimbia yanaacha kinyesi nyuma.

Tabata hamna la kusema sana, plastiki ya juzijuzi, mfuniko mmoja umevunjika basi.

Mwishoni wanakupa video zote, mchoro, na orodha ya kila kipande kimepewa namba 1 hadi 5, moja ni zima, tano linaanguka muda wowote. Kwangu hiki ndo nilichokilipia hasa. Kati ya vipande 23 vya nyumba zote tatu, viwili vilikuwa 5, vitatu vilikuwa 4, vingine vyote vinasubiri. Kwahiyo nilipoitisha kikao cha familia nilienda na karatasi, tukakubaliana mwaka huu hivi vitano, mwaka kesho akiba, hakuna aliyegomba, na mama mkubwa kwa mara ya kwanza aliuliza "na hicho cha namba tatu kinaharibika lini?" Vijana wa kamera niliwauliza pia kuhusu ile njia ya kuingiza soksi yenye gundi ndani ya bomba kuukuu ikagandia humohumo bila kuchimba, ile iliyoanzia London mwaka 1971. Walinijibu kwa uwanja kama wangu, bomba liko sentimita 70 tu chini ya pevingi, kuchimba mita nne kunatoka rahisi mara nyingi, ile ni ya bomba lililopita chini ya jengo au barabara. Tulichimba mita nne.

Mapungufu yao yapo. Siku ya kwanza walichelewa masaa matatu na wapangaji nilishawaambia wasitumie maji, watu wana watoto, haikuwa sawa. Ripoti ni ya Kiingereza tupu, nilikaa na kijana wao lisaa lizima ananitafsiria, waiandike Kiswahili, wenye nyumba wengi ni wazee. Na bei ya siku moja ni sawa na kuzibua mara nne kwa fundi wa fito, hakikisha chemba zako umezifukua kabla, mimi moja ilikuwa imefunikwa na tailzi za mpangaji na tulipoteza nusu siku kuitafuta.

Kingine cha kuwasifu, kwenye mabomba ya udongo walipunguza presha ya mashine bila kuombwa. Maji makali sana yanapasua bomba lililochoka, na kuna watu wanaingia na presha yote wakiondoka wamekuachia nyufa mpya.

Ukiwaita waite kabla ya vuli, kuanzia mwezi wa kumi simu zao hazishikiki. Omba video nzima kuanzia mita ya sifuri, usikubali vipande vya matatizo tu, ili ukirudia baada ya miaka miwili ulinganishe mita kwa mita. Mimi nishaandika kwenye daftari la mzee, ukurasa mpya, kipande cha saruji Upanga, mwezi wa nane mwakani.