Kamera ya kifuani: nimeivaa miezi minane, maoni yangu haya hapa

Wakuu, kila ikisambaa video ya polisi wanampiga raia lazima atokee mtu aseme dawa ni moja tu, wavalishwe kamera vifuani basi yaishe. Juzi tena nimeona watu wanabishana hilo usiku kucha, hasira ziko juu na mi siwalaumu, ukimwona mtu kalala chini, mikono iko nyuma imefungwa, na bado anakanyagwa, unaanzaje kuwa mpole? Ila nikasema ngoja na mimi niongee sababu hii kitu nimeivaa. Sio polisi mimi, ni mlinzi wa kampuni binafsi, zamu zote kwa miezi minane, na ni aina ileile inayovaliwa na polisi wa nchi nyingi tu. Kwa hiyo chukulieni haya kama maoni ya mtumiaji, sio ya mwanasheria.

Nianze na kifaa chenyewe. Kidogo, kinaenea kiganjani, uzito unausahau baada ya siku mbili. Kinashikwa na sumaku, kipande kimoja ndani ya shati kingine nje, ukitembea au ukikimbia hakitoki. Ukishikana na mtu ndo kinatoka. Yangu imedondoka mara tatu, na mara zote tatu ni wakati ule ambao ndo ingetakiwa ione. Nilidhani ni bahati yangu mbaya mpaka nikasoma kesi ya George Floyd, yule Mmarekani aliyeuawa na polisi, kumbe hata yule askari aliyempigia goti shingoni kule Minneapolis tarehe 25 Mei 2020 alikuwa amevaa kamera, ikamdondoka kwenye purukushani ikaishia chini ya gari. Kwa bahati wenzake nao walikuwa wamevaa.

Betri sina neno, inamaliza zamu. Picha ya usiku nzuri kuliko nilivyotegemea.

Sasa njoo kwenye batani, hapa ndo penye utamu wote. Watu wanadhani askari akishavaa kamera asubuhi basi inarekodi mpaka jioni, hapana. Inakaa tu inasubiri, inaangalia na kusahau, inaangalia na kusahau, mpaka mvaaji aibonyeze mara mbili. Ukibonyeza ndo inaanza kutunza, halafu inakuongezea na sekunde kama 30 za nyuma kabla hujabonyeza, picha tu bila sauti. Zile sekunde 30 ndo kitu bora kabisa kwenye hii mashine kwa maoni yangu, na kuna askari mmoja wa Baltimore, hukohuko Marekani, zilimuumbua vibaya. Mwaka 2017 ilitoka video yake anaonekana anaficha dawa za kulevya kwenye takataka, anaondoka, anabonyeza kamera, anarudi "kuzigundua" kama vile ndo kaziona sasa hivi. Alisahau kwamba mashine inakumbuka nusu dakika nyuma! Mahakama ikamkuta na hatia 2018. Nilicheka sana siku ile nilipoisoma, baadaye nikaacha kucheka, sababu nilijiuliza je angesubiri dakika moja ndo abonyeze?

Kwa hiyo swali la "kamera zinasaidia au hazisaidii" halina jibu mpaka uulize nani anabonyeza na lini. Rialto, mji wa California, walijaribu mwaka 2012 na matokeo yakawa ya kushangaza, malalamiko ya raia yakashuka karibu asilimia 88 na matumizi ya nguvu yakashuka zaidi ya nusu, dunia nzima ikakimbilia kununua. Halafu Washington, mji mkuu wa Marekani, wakapima kwa askari zaidi ya 2,000, matokeo yao yametoka 2017, tofauti haikuonekana kabisa kati ya waliovaa na wasiovaa. Unaona? Na kuna utafiti mwingine wa 2016 uliojumlisha majaribio kumi, wakakuta kwamba pale askari walipowasha kamera mwanzo mwisho kama utaratibu unavyosema, nguvu ilipungua asilimia 37, ila pale walipojiamulia wenyewe wawashe saa ngapi, nguvu ikaongezeka asilimia 71. Nilivyosoma hiyo sikushangaa hata kidogo maana najua inavyokuwa. Ikiwa imewaka, ile taa ndogo nyekundu inamulika, kila baada ya muda inalia pii, unajikuta unamwambia mtu "samahani mzee, naomba kitambulisho". Ikiwa imezimwa unamwambia "wee, njoo hapa". Mdomo uleule.

Kingine ambacho muuzaji hakwambii ni pale inapoangalia. Iko kifuani kwako inaangalia mbele, maana yake mvaaji haonekani. Mtu atakayekaa kutazama ile video ataona uso wa raia, mikono ya raia inavyorushwa, atasikia askari anapiga kelele "acha kupambana! acha kupambana!" na picha inatikisika, basi mtazamaji anaamini kuna mapambano kweli. Goti halionekani. Ngumi inapita kwenye kona ya picha kama nzi. Memphis Januari 2023, Tyre Nichols alipigwa na polisi, askari walikuwa wamevaa kamera na ukizitazama hizo tu utachanganyikiwa nani anafanya nini, iliyoonyesha kila kitu ni kamera ya juu ya nguzo ya barabarani, haina hata sauti, lakini unaona wazi mtu ameshikwa na wawili mwingine anampiga. Alifariki siku tatu baadaye.

Mwisho wa zamu unaichomeka kwenye kituo chake cha chaji, video zinapanda zenyewe kwenye seva, wewe mvaaji huwezi kufuta, hilo nalipongeza. Na mfumo unaandika nani kaifungua video, saa ngapi, kafanya nini. Kwa karatasi ni mfumo safi kabisa. Ila mwenye ufunguo wa kabati ni bosi.

Niwape langu sasa. Usiku mmoja getini mwenzangu alimpiga kijana mateke, kijana mwenyewe kaja kumchukua mama yake kazini, akajibu kwa kiburi kidogo basi. Mi nilikuwa hatua nne. Nilibonyeza, ila nilichelewa, na tusidanganyane, nilichelewa kwa makusudi, nilikuwa naangalia mwenzangu atamaliza saa ngapi ili nisimuingize matatani. Nilipobonyeza zile sekunde 30 zikarudi nyuma, bila sauti, zikabeba mateke mawili ya mwisho. Asubuhi nikaambiwa niandike taarifa. Niliandika "alianguka". Neno moja. Kijana akaja na mama yake kuomba video, wakaambiwa ni mambo ya ndani ya kampuni, warudi wiki ijayo, wakarudi, wakaambiwa aliyeshika mfumo yuko likizo. Muda wa kutunza video zisizo na kesi ulikuwa siku 30. Ukapita.

Ndo maana nikisoma kwamba taarifa ya kwanza ya polisi wa Minneapolis kuhusu Floyd ilisema mtu amefariki baada ya tatizo la kiafya, mwili unanisisimka, namjua kabisa mtu anayeandika hivyo. Kamera zilikuwepo pale, zaidi ya moja, zimewashwa. Kilichobadilisha habari ni binti wa miaka 17 aliyesimama pembeni na simu yake, akarekodi, akarusha usiku uleule. Bila yule binti, tatizo la kiafya lingebaki tatizo la kiafya. Na Chicago, Laquan McDonald, kijana aliyeuawa na polisi Oktoba 2014 kwa risasi 16, tukaambiwa aliwasogelea askari na kisu, kumbe video ya gari la polisi ipo inamwonyesha anakata kona anaondoka zake. Ilitoka Novemba 2015, na ni kwa sababu jaji aliamuru. Zaidi ya mwaka mzima imekaa kwenye kabati inajua ukweli.

Kwa hiyo mtu akiniuliza kati ya kamera ya kifuani na simu ipi bora, kwa raia ni simu, hakuna mjadala. Simu inaona askari na raia wote kwenye picha moja, haiombi ruhusa ya bosi, na ukirusha moja kwa moja hata wakikunyang'anya imeshaenda. Ila jamani rekodini kwa akili, simama mbali, usiingilie, ishike simu kwa ulalo, na funga simu kwa namba sio kidole maana kidole chako wanaweza kukishika wakakibandika hapo. Na usiongee ongee juu ya video, watu mnaharibu ushahidi kwa kutukana, sauti ya aliyelala chini haisikiki mnasikika nyie.

Simu nayo sio mwarobaini. Rodney King alirekodiwa akipigwa na polisi Los Angeles Machi 1991, na mkazi wa karibu na pale aliyekuwa na kamera ya mkononi barazani kwake, dunia nzima ikaona virungu, na bado tarehe 29 Aprili 1992 baraza la wazee wa mahakama likawaachia wale askari. Mawakili walichukua ile video wakaipunguza mwendo, wakaenda nayo picha moja moja, kila kirungu wakakitafutia maelezo yake. Los Angeles ikawaka moto siku ileile. Watu walikuwa wameshaona wenyewe, sasa unawaambia hawajaona.

Nyota naipa mbili kati ya tano. Moja ya betri na picha ya usiku, moja ya zile sekunde 30. Ya tatu nilikuwa tayari kuitoa kama kungekuwa na njia ya yule mama kuipata video bila kupita ofisini kwetu, iwe ni watu wengine kabisa wanatunza, mtu aliyepigwa anaomba anapewa, na batani wasiachiwe wavaaji, iwake yenyewe askari akitoka kwenye gari au akichomoa silaha, teknolojia hiyo ipo tayari. Ya nne na ya tano sijui mashine gani itazipata.

Nimeshairudisha yangu, nimesaini, nimeacha ile kazi. Kuna aliyeniuliza kwa faragha kama kamera inaingia maji: haiingii, nimenyeshewa nayo usiku mzima ikawa inarekodi vizuri tu, geti tupu na mvua.