Vitu nyota mbili, pesa nyota nne: tathmini ya fundi cherehani

Naanza na alama, maana najua wengine mnasoma mistari miwili mnaondoka. Kupeleka vitu kwenye kituo cha kukusanyia misaada baada ya maafa: nyota mbili kati ya tano. Kutuma pesa: nyota nne. Njia zote mbili nimezitumia, na zaidi ya hapo nimewahi kukaa upande wa pili wa meza kwa siku tatu, nikichambua vilivyoletwa na watu kama mimi. Bila hizo siku tatu nisingekuwa na la kuandika.

Mimi ni fundi cherehani. Mafuriko yalipotokea nilifungua kabati la kazini, lile la nguo ambazo wateja walishonesha wasirudi kuzichukua, nikaongeza na za kwangu: sweta, sketi, koti zito lenye bitana. Nusu saa haikuisha, gunia limejaa. Nikalifunga mdomo kwa utepe wa kitambaa cha zambarau uliobaki kwenye gauni la mteja, huyo hadi kituoni. Kijana mchangamfu akalipokea, akashukuru mara tatu, hakuuliza lina nini. Nilirudi nyumbani mwepesi. Ningeandika tathmini siku ile, ningetoa nyota tano na kuomba ya sita. Hakuna foleni, hakuna fomu, tabasamu bure.

Lakini aliyehudumiwa siku ile ni mimi. Kabati langu lilipata nafasi, roho yangu ikatulia. Aliyelala juu ya dawati la shule kwa sababu nyumba yake imejaa tope alikuwa bado hajapata kitu.

Wiki mbili baadaye kituo kikatangaza kinahitaji watu wa kujitolea kuchambua. Nikaenda, nikidhani ni kazi ya asubuhi moja. Ghala zima mifuko, hadi karibu na dari. Kila mfuko unafunguliwa, unamwagwa mezani, kila kipande kinashikwa kwa mkono: cha kiume, cha kike, cha mtoto, cha kutupa. Tulikuwa wawili wawili na gunia moja lilitula dakika ishirini. Nje lori lilikuwa linasubiri, na dereva wake analipwa akiwa amekaa.

Nguo naijua, kwa hiyo niseme nilichokiona. Koti la suti, kola safi, pasi imenyooka. Ukiligeuza ndani, bitana imechanika kutoka bega hadi kiunoni. Suruali zisizo na zipu. Siyo zipu mbovu, hapana, zipu imefumuliwa kabisa, mtu kaiondoa akaibakiza, suruali akaitoa msaada! Viatu vya kisigino kirefu, vingi mno, na visivyo na wenzao. Gauni la harusi na shela yake, vingali kwenye plastiki ya dobi. Tulicheka, kisha tukaanza kubishana liende rundo gani. Baya kuliko yote lilikuwa unyevu. Nguo moja iliyoanikwa nusu ikifungiwa kwenye mfuko wa plastiki inaozesha mfuko mzima. Koga likishaota madoa meusi kwenye pamba, hata ufue mara kumi hayatoki. Mifuko ya aina hiyo hatukuimwaga mezani, tuliipeleka nje ilivyo.

Siku ya tatu, baada ya saa nane, nikaona utepe wa zambarau.

Mwenzangu hakujua, wala sikumwambia. Nikalimwaga gunia langu mbele yake. Koti zito, kwa watu wanaoishi kwenye joto la kutoa jasho ukiwa umekaa. Sketi za wateja, kila moja imekatwa kwa kiuno cha mtu mmoja tu duniani. Blauzi iliyobana mabega ya mwenyewe, ndiyo maana hakurudi kuichukua. Vipande kumi na tano. Vinne vikaenda rundo la kusafirishwa, kumi na kimoja tukavitenga. Zilikwenda dakika ishirini kama kwa gunia la mtu mwingine yeyote.

Mwanafunzi wangu akikata kitambaa kabla mteja hajapimwa, namwondoa kwenye meza ya kukatia hapohapo. Nami ndicho nilichokuwa nimefanya. Nilimkatia mtu nisiyemjua, kwa kipimo cha kabati langu.

Na nguo ni afadhali, kwa sababu haiui. Baada ya tetemeko la Armenia la mwaka 1988, dunia ilimimina huko tani 5,000 hivi za dawa na vifaa vya tiba. Kwa maelezo ya Shirika la Afya Duniani, watu 50 walifanya kazi miezi sita ndipo wakaelewa wamepokea nini. Asilimia 8 ilifika muda wake umeshapita, asilimia 4 iliharibiwa na baridi, na katika zilizobaki, ni asilimia 30 tu zilizotambulika kwa urahisi. Ndiyo maana mwongozo wa shirika hilo unataka dawa ya msaada ifike ikiwa na angalau mwaka mmoja kabla ya kuisha muda. Vidonge vilivyobaki kwenye droo yako baada ya kupona havimo.

Maziwa ya unga ya watoto wachanga nayo yananyima usingizi. Mtu anaona picha ya mama na mtoto, anakimbilia kopo. Lakini kopo linataka maji safi, chupa safi na mahali pa kuchemshia, yaani vitu vilevile vilivyosombwa. Baada ya tetemeko la Yogyakarta, Indonesia, mwaka 2006, makopo yaligawiwa kwa wingi. Watafiti walipopima, asilimia 25 ya watoto waliopewa maziwa hayo walikuwa na kuhara, na kwa wasiopewa ni asilimia 12 hivi. Aliyetoa kopo lile alikuwa na huruma kuliko mimi na koti langu, sina shaka.

Maji ya chupa nitayamaliza kwa hesabu. Viwango vya Sphere, vinavyotumiwa na mashirika ya misaada, vinataka kila mtu apate angalau lita 15 kwa siku, za kunywa, kupikia na usafi. Watu elfu moja, lita 15,000. Lita moja ni kilo moja. Hizo ni tani 15 kila siku, barabara imekatika, daraja limekwenda. Kidonge kimoja cha klorini cha miligramu 67 kinatibu lita 20 za maji yasiyo na tope. Kwa watu walewale elfu moja vinatosha vidonge 750, ambavyo naweza kuvibeba kwenye mkoba wangu wa nyuzi na mkasi.

Sasa pesa. Nilituma kwa simu, kwa shirika lililokuwa na watu wake kule kabla ya maji kupanda. Kidole kimebonyeza mara nne, imekwisha. Hakuna kijana wa kukushukuru, hakuna mzigo wa kutua. Nakiri ilinipwaya. Mtu anapenda kutoa kitu chenye uzito.

Nyota moja nimeikata kwa makosa matatu, na yote yana mwenyewe ingawa simtaji. Programu niliyotumia ilikuwa imeshaweka tiki kwenye kisanduku cha kuongeza kiasi kwa ajili ya waendeshaji wake. Nilitafuta pa kuitoa hadi nikakaribia kuacha. Risiti ilikuja siku ya tisa. Kisha nikawa rafiki yao wa kufa na kuzikana: kila wiki ujumbe, kila ujumbe mtoto analia. Mtu akishatoa, muacheni apumue.

Najua swali mnalotaka kuuliza: zinafika? Walaghai wapo, na baada ya kila janga wanafungua akaunti zenye majina yanayofanana na ya mashirika ya kweli. Ndiyo maana natafuta anwani mwenyewe, sibonyezi kiungo nilichorushiwa. Ila nami nauliza: gunia langu lilihesabiwa na nani? Lingebebwa na mtu pale mlangoni likauzwe, ni daftari gani lingeonesha? Pesa ina alama za miguu. Ukitaka kumfuata mwizi, una pa kuanzia.

Jambo lililonigusa zaidi nililifikiria nikiwa kazini. Huko kulikofurika kuna fundi mwenzangu. Cherehani yake iliinuliwa juu ya kabati kwa wakati, imepona. Anangoja wateja. Mimi namshushia lori la nguo za bure mlangoni! Pesa ikifika kwa jirani yake, huenda mmoja akanunua dawa, mwingine bati, mwingine akamletea kitambaa amshonee mtoto sare. Mwaka 2016 kule Istanbul, wafadhili na mashirika makubwa walikubaliana kuongeza misaada ya fedha taslimu. Mahali ambapo maduka yamesombwa yote, fedha mkononi haisaidii siku hizo za mwanzo, ni kweli. Hata hapo shirika lenye pesa linanunua kwa jumla mji wa karibu, saizi zinazotakiwa, likapakia mara moja.

Ushauri mmoja kwa wanaotuma: usiifunge pesa kwenye jina la janga moja kama shirika unaliamini. Baada ya tsunami ya Bahari ya Hindi, Januari 2005, Madaktari Wasio na Mipaka walitangaza kuwa za tsunami zimetosha, wakawaandikia waliotoa kuomba ruhusa ya kuzipeleka penye uhitaji mwingine. Hapo ningetoa nyota tano, kwa kusema tu “zimetosha”.

Je, vitu visitolewe kabisa? Sisemi hivyo. Jirani anapobisha hodi usiku amelowa chapachapa, humtumii pesa kwa simu, unampa shuka. Na kuna vitu vilivyoombwa kwa orodha: taulo za kike, chupi mpya, tochi na betri zake. Vikiombwa, peleka hivyohivyo vilivyoandikwa, vipya, bila kuongeza “na haka kakoti”.

Mwaka uliofuata niliombwa kitu kwa namna hiyo. Familia zilikuwa zimehifadhiwa kwenye ukumbi mmoja, hakuna pa kubadilishia nguo wala kunyonyeshea, na msimamizi akatafuta fundi wa kushona mapazia ya kugawia sehemu. Alinitumia vipimo: upana mita tatu, urefu mita mbili na sentimita kumi, matundu ya kamba kila sentimita thelathini, kitambaa kisichoonesha kivuli cha mtu taa ikiwaka nyuma yake. Pesa ya kitambaa ilitoka kwa waliochangia, mikono ikatoka kwangu. Nilishona ishirini na mbili. Kwa miaka yote ya kazi hii sijawahi kupata mteja anayejua anachotaka namna ile.

Mawili yalirudishwa. Upindo wa juu ulifumuka, nilipita mshono mmoja mahali pa miwili. Niliyashona upya jioni ileile, yakaondoka asubuhi na gari la kwanza.