Kukodi boti Msasani kuwaaga wana ngalawa

Mwakani, Mungu akipenda, nami nitakuwemo kwenye mashindano ya ngalawa kwenda Unguja. Ndiyo maana Jumamosi nilitaka kuwaaga wenzangu wanaoshindana mwaka huu nikiwa majini. Nilikodi boti ya mashine pale Msasani, shilingi elfu arobaini kwa saa mbili, na sijutii hata shilingi moja.

Nahodha, mzee mmoja mtaratibu, alizima mashine karibu na kisiwa cha Bongoyo tukae upande ambao hatuwakingi upepo. Hilo tu linamtosha kupata sifa. Kusi lilikuwa linavuma, ngalawa zikapita karibu mno: nikamwona kijana akifua maji kwa kidumu kilichokatwa, mwenzake kashika henza, kamba ya tanga, kiganja kimechubuka. Wakarusha maji kwenye tanga likaze. Machozi yalinitoka.

“Tazama ndubi, mwanangu, usitazame tanga,” mzee akaniambia. Ndubi ni ule ubao wa pembeni unaoelea na kuizuia ngalawa isipinduke; ya upande wa chini ya upepo ilikuwa inazama nusu, inaibuka. Somo hilo sikulilipia.

Kasoro: jaketi langu la kuokolea lilikatika mkanda. Warekebishe, maana kuna wanaokuja na watoto. Nendeni mapema, saa kumi na mbili asubuhi.